Hadithi Iliyoondolewa

Wasomaji wa kurasa hizi wengi ni watu wa pwani na visiwani, nami ni mtu wa Ufipa. Kwa hiyo natangulia kuomba radhi. Kiswahili sikukinyonya kwa mama. Nilikikuta shuleni, nikakifuata vitabuni, na ushairi nikajifundisha mwenyewe kwa kuhesabu mizani kwa vidole mbele ya kibatari. Mji wetu wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na mwezi wa Julai mtu hutunga akiwa amejitanda blanketi. Bahari niliiona nikiwa nimekwisha kuoa. Mkiona humu neno limekaa upande, basi mjue limepanda mlima mrefu.

Habari ninayowaletea ni ya mtunzi mmoja, Charles R. Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada. Hakuwa Mswahili wala hakuandika kwa Kiswahili. Aliandika kwa Kiingereza hadithi za mashujaa na mapanga, za mazimwi na nguvu za giza, katika fani ambayo wahakiki wengi huipita bila hata kuitolea salamu. Lakini alitwaa neno letu moja akalifanya jina la bara zima. Neno lenyewe ni nyumbani.

Nilikutana nalo Mbeya mwaka 2003, kwa muuza vitabu vikuukuu aliyetandaza mali yake juu ya turubai. Kilikuwa kitabu kidogo chenye mgongo wa manjano, chapa ya 1981, jina lake Imaro. Nilipokifungua nikaliona neno Nyumbani, kwa herufi kubwa, limesimama katikati ya Kiingereza kama jirani unayemkuta stesheni ya ugenini. Nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Halikuwa kosa. Mtunzi ameumba Afrika yake ya kubuni, yenye mbuga, misitu, falme na miji ya mawe, akaiita Nyumbani. Mtu wa pwani atacheka. Nyumbani si jina la nchi; ni nyumba iliyovikwa -ni ya mahali, na haitamkiki bila msikilizaji kutaka kujua ni kwa nani. Nami nilicheka. Kisha nikayasoma maisha ya mtu huyo, kicheko kikanikauka.

Alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Elizabeth, jimbo la Pennsylvania. Alisoma Chuo Kikuu cha Lincoln, kile kile alikosoma Kwame Nkrumah kabla yake. Hiyo ndiyo miaka ambayo vijana weusi wa Marekani walikuwa wakiyaokota maneno ya Kiswahili kama mtu atafutaye jina la babu yake. Sikukuu yao ya Kwanzaa, iliyojaa majina ya Kiswahili, ilianzishwa mwaka 1966. Mwaka 1969 Saunders akavuka mpaka kwenda Kanada ili asipelekwe kwenye vita vya Vietnam, na maisha yake yaliyosalia aliyaishi huko: kwanza Ontario, kisha tangu 1985 katika jimbo la Nova Scotia, kando ya bahari ya Atlantiki. Aliyelichagua neno nyumbani alikuwa, kwa hiyo, mtu aliyetengwa na kwao mara mbili. Mara ya kwanza katika miili ya mababu zake, mara ya pili kwa miguu yake mwenyewe.

Ujanani aliwapenda watunzi waliokuwa wakimtukana. Alimpenda Robert E. Howard wa Texas, muumba wa shujaa Conan, ambaye alijiua mwaka 1936 akiwa na umri wa miaka 30. Alizisoma pia hadithi za Tarzan za Edgar Rice Burroughs, bwana ambaye hakuikanyaga Afrika hata siku moja, na ambaye alipoitoa hadithi yake ya kwanza mwaka 1912 alitia chui-milia katika misitu yetu, mnyama wa Bara Hindi! Makosa ya wanyama yanasameheka. Lisilosameheka ni kwamba katika hadithi zile mtu mweusi alikuwa mshenzi au mtumwa, au ni wa kuuawa kabla ukurasa haujageuka. Saunders aliandika makala kali juu ya jambo hilo mwaka 1975. Jibu lake la kweli, hata hivyo, lilikuwa ni kumtunga Imaro.

Imaro ni mtoto wa Katisa, mwanamke wa kabila la Ilyassai, wafugaji wapiganaji ambao mtunzi amewafinyanga kwa mfano wa Wamasai. Mama anamwacha kwa ukoo wake akiwa na miaka mitano, na mtoto anakua huku akiitwa mwana asiye na baba. Nguvu zake zinawashinda wote, lakini ushindi haumpi kukubaliwa. Basi anatoka, na kuanzia hapo anaizunguka Nyumbani yote akipigana na wanyama, na watu, na viumbe vinavyotoka gizani, akitafuta mahali ambapo atapokewa. Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa mambo haya. Mnaye Liyongo, ambaye chuma hakikumpata mpaka mwanawe mwenyewe alipomchoma kitovu kwa sindano ya shaba. Na mnao utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya elfu nne za mapanga, majini na vitisho. Sisi Waswahili wa vitabuni huziita tenzi hizo urithi, halafu akija mtu na hadithi ya namna ile ile katika jalada lenye picha ya misuli, tunaiita takataka. Sijapata kuielewa hukumu hiyo.

Na kwetu Ufipa mambo hayo yapo, ingawa hayakutiwa vina. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya kazi yake huku katika miaka ya 1960, alikusanya ngano zetu akazitoa kitabuni mwaka 1978. Ipo pia habari ambayo kila Mfipa wa rika langu aliisikia: mtawala wa Milansi alitoka kwenda kuwinda, nyuma yake wakaja wanawake wageni, mkubwa wao akakikalia kiti cha enzi. Mtawala aliporudi, utawala ulikuwa umekwisha kuhama. Akabakiwa na Milansi yake na heshima ya kuwa wa kwanza. Yapo na matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu, ambayo mabaki yake yamesimama maporini kama minara ya mji uliosahauliwa. Lau Saunders angalizaliwa Nkasi, asingelihitaji kubuni kitu.

Bahati haikumfuata. Imaro ilipotoka mwaka 1981, wachapishaji waliandika juu ya jalada kwamba shujaa huyu ni Tarzan mweusi. Yaani lile lile jina alilokuwa akilipinga, wakambandika usoni! Warithi wa Burroughs wakaja juu, kitabu kikacheleweshwa ili jalada libadilishwe, na mauzo yakaathirika. Vilifuata vitabu viwili, 1984 na 1985, kisha mlango ukafungwa. Alikuwa pia ameanza mwaka 1979 kumwandika Dossouye, mwanamke mpiganaji aliyetungwa kwa kuwakumbuka askari wanawake wa Dahomey, ambaye hupanda fahali vitani. Mimi nampenda Dossouye kupita Imaro, lakini hilo ni jambo la mtu na moyo wake. Miaka mingi Saunders alifanya kazi katika gazeti moja la mji wa Halifax, mpaka lilipofungwa mwaka 2008, na aliandika vitabu juu ya watu weusi wa Nova Scotia. Aliandika pia juu ya Africville, mtaa wao ambao halmashauri ya mji iliubomoa katika miaka ya 1960. Tazama jinsi neno lile linavyomfuata.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitia kalamu mkononi.

Kitabu cha 1981 ni hadithi tano zilizounganishwa. Niliichagua moja niifasiri, ile niliyoiita "Watumwa wa Wafalme Majitu", kwa sababu ilijitosheleza. Inahusu watawala warefu na watu wanaowakandamiza, na chuki iliyokomaa baina ya makundi mawili yanayoishi katika nchi moja. Nilihangaika nayo mwaka mzima. Mapigano niliyajaribu kwa mizani minane ya utenzi, kisha nikayarudisha kwenye nathari, maana kila shujaa alipoinua upanga kina kilimlazimisha aushushe kabla ya wakati. Nilipomaliza, mwaka 2005, nilimsomea rafiki yangu mmoja, fundi seremala, mzaliwa wa makazi ya Katumba kule Mpanda. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, katika yale mauaji, na makazi yale siku hizo yalikuwa katika mkoa wetu wa Rukwa. Huyu ndugu alikuwa msikilizaji wangu bora. Hakuwa akisifu ovyo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua patasi yake, akaipangusa ilhali haikuwa na vumbi.

"Umetunga wewe, kaka?"

"La, nimefasiri."

"Basi aliyeitunga hakuwako."

Hakusema lingine. Nami niliutia mswada sandukuni, nikamnunia kwa muda, kwa kuwa nilidhani hajui tofauti ya hadithi na habari.

Miaka kadhaa baadaye, mbele ya kompyuta ya kukodi pale mjini, ndipo nilipogundua kwamba Imaro ilichapwa upya mwaka 2006, na kwamba katika chapa hiyo hadithi yangu haimo. Saunders mwenyewe ameitoa. Baada ya yaliyotokea Rwanda mwaka 1994, aliona kwamba alichokuwa amekibuni kimefanana mno na maiti za kweli; akaiondoa, na mahali pake akaandika hadithi nyingine. Mtu aliyekuwa amesubiri zaidi ya miaka ishirini kitabu chake kirudi dukani, anapewa nafasi, naye anatumia nafasi hiyo kung'oa sehemu ya kitabu. Hakuna hakimu aliyemwamuru. Nilikwenda kwa seremala nikamweleza. Akasema, "Basi alikuja kuwako," akaniuliza kama nimekwisha kula.

Nilirudi nyumbani sikulala. Sikuwa nikimfikiria Saunders.

Kwa nini, nitaeleza. Mnajua Watanzania wanavyotutania watu wa Sumbawanga. Jina lenyewe la mji, kwa Kifipa, watu hulieleza kuwa ni tupa uchawi. Yaani anayekuja aache mambo yake mlangoni. Lakini nje ya mkoa hulisikii neno tupa, husikia uchawi peke yake. Ukipanda basi ukasema unatoka Sumbawanga, jirani yako anasogeza mkoba. Nasi wenyewe tumejifunza kuucheka utani huo, tena kuuza. Mimi niliuuza mapema. Mwaka 1990, nikiwa kijana mwenye kiu ya sifa, nilitunga shairi la bibi wa usiku: anakaa peke yake mwisho wa kijiji, macho yake mekundu, anapaa kwa ungo, anahesabu watoto wa jirani. Beti kumi na mbili, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho havikuyumba hata pamoja. Lilitisha na kuchekesha. Lilisomwa arusini, lilisomwa shuleni, watoto wakalikariri wakilirukia kamba. Sitaliandika hapa.

Macho yale mekundu sikuyabuni. Yalikuwa ya shangazi yangu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi kwa kupika pombe ya ulezi, na mpika pombe hushinda katika moshi wa kuni siku tatu mfululizo. Niliyachukua macho kwa sababu yalinifaa katika kina. Sikumtaja jina, na nilijiona mwungwana kwa hilo.

Mwaka 1992, masika, watoto wawili wa nyumba ya pili walikufa kwa homa katika wiki moja. Watu walimjia shangazi usiku. Sitasema kwamba shairi langu ndilo lililowaleta; watu wale walikuwa na hofu na msiba wao, na fikra hizo ni za kale kunishinda. Lakini aliniambia mwenyewe kwamba kwa mwaka mzima kabla ya hapo watoto walikuwa wakipita mbele ya ua wake wakiliimba. Waliivunja mitungi yake, wakaichoma paa. Alitembea mpaka mjini gizani akiwa amejifunga kanga juu ya jeraha la kichwa, akabisha hodi kwangu alfajiri. Aliishi nasi miaka sita, katika chumba cha uani.

Siku moja, tukiwa tunachambua maharage, akasema: "Mwanangu, hebu nisomee lile shairi lako."

Nilimwambia limepotea. Akasema hapana, wewe huwezi kulipoteza. Basi nikalisema lote kwa moyo, nikiwa nimeinamia ungo wa maharage. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu mzima, bila kukatiza. Mwisho akasema, "Macho ni ya moshi. Ungeandika moshi."

Saunders aliweza kuiondoa hadithi yake kwa sababu ilikuwa kitabuni, na kitabu huchapwa upya. Shairi lililokaririwa halina chapa ya pili. Miaka kumi na moja baada ya shangazi kufa, nilimsikia mtoto wa jirani, ambaye hakumjua, akilisema akirusha mpira ukutani. Ubeti mmoja alikuwa ameuboresha.

Niliporudi kwenye kufasiri, niliianza hadithi ile iliyotiwa mahali pa iliyoondolewa, na hapo hapo nikagongana na neno mchawi. Saunders analitumia vitabuni mwake, nalo ni letu, lakini kalitumia visivyo: kwake mchawi si mtu, ni ile nguvu yenyewe, yaani uchawi. Mwalimu yeyote wa sarufi angemkatia alama. Zamani ningesahihisha nikaendelea na safari. Safari hii nililitazama kosa lile kwa muda mrefu. Kati ya uchawi na mchawi kuna herufi moja tu. Ile ya kwanza hulitia neno katika ngeli ya mambo yasiyoshikika. Ya pili hulitia katika ngeli ya watu, na watu wana milango inayoweza kubishwa usiku. Katika hadithi za Saunders wamo watu waovu wanaojiuza kwa giza, na Imaro hawaonei huruma. Sisemi kwamba aliliona jambo hili. Nasema kwamba mimi, kwa sababu ya kosa lake, nililiona.

Niliamua kwamba katika tafsiri yangu neno mchawi halitakuwamo hata mara moja. Nimetumia mtumishi wa giza, mwenye mikono michafu, na mahali pengine nimemtaja mtu kwa jina lake tu, nikaacha matendo yake yasimulie. Rafiki mmoja wa Unguja, mshairi ninayemheshimu, aliusoma mswada akaniambia nimeinyang'anya hadithi meno, kwamba msomaji wa hadithi ya kutisha anataka kutishwa kwa neno analolijua. Huenda amesema kweli. Kitisho kimepungua, hilo naliona. Bado sijalirudisha.

Saunders alifariki mwezi wa Mei mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 73. Aliishi peke yake, na habari za kifo chake hazikuenea mpaka Septemba. Alikuwa amezikwa katika kaburi lisilo na alama. Mtu aliyelipa bara zima jina hakuwa na jina juu ya kichwa chake. Rafiki na wasomaji wake, wengi wao watu ambao hawakupata kumwona, wakachanga fedha za jiwe. Nilipoisoma habari hiyo nilikwenda kwa fundi anayefyatua misalaba ya zege karibu na soko, nikaagiza mmoja. Akauliza aandike nini. Nikampa jina la shangazi na miaka yake. Akauliza tena, kwa kuwa malipo ni yale yale hata kwa maneno zaidi, kama kuna la kuongeza. Nilisimama pale, mimi mtu wa maneno, mpaka mteja mwingine akaanza kukohoa. Hatukuongeza kitu.

Tafsiri imekwisha, iko sandukuni pamoja na ile ya kwanza. Neno Nyumbani nimeliacha kama alivyoliandika, kwa herufi kubwa, ingawa nalijua tatizo lake: herufi kubwa huonekana, haisikiki. Mwezi uliopita usiku wa baridi nilimsomea mjukuu wangu sura ya kwanza karibu na jiko la mkaa. Nilisoma kwamba Imaro alikuwa shujaa mkubwa kuliko wote wa Nyumbani. Akanizuia mkono.

"Nyumbani kwa nani, babu?"

Nikamwambia asubiri, tutafika.